Tanzania, Msumbiji na magogo yanayohesabiwa mara mbili

Mwaka 2012 rekodi za Serikali ya Msumbiji zilionyesha kwamba nchi hiyo ilisafirisha nje, kwenda dunia nzima, karibu mita za ujazo 260,000 za magogo na mbao. Mwaka huohuo forodha ya China iliandika kupokea kutoka Msumbiji karibu mita za ujazo 450,000. Mnunuzi mmoja alipokea mzigo mkubwa kuliko ule ambao muuzaji anasema amewauzia wote. Ukitazama magogo peke yake, bila mbao zilizopasuliwa, pengo linakuwa la kutisha: China iliandika zaidi ya 320,000, Msumbiji ikaandika kuipelekea China karibu 41,500.

Tanzania ilikuwa imeshapita njia hiyo. Ripoti ya TRAFFIC, mtandao unaofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, iliyotoka mwaka 2007 kuhusu uvunaji wa kusini mwa Tanzania, ilieleza kwamba mwaka 2005 China iliandika kupokea mazao ya mbao kutoka Tanzania mara kumi ya yale yaliyoonekana kwenye rekodi za Tanzania yenyewe.

Anayetaka kulinganisha biashara ya mbao ngumu ya nchi hizi mbili hujikwaa hapo kabla hajafika mbali. Simulizi iliyozoeleka ni nyepesi: Tanzania ilipanda katikati ya miaka ya 2000 kisha ikashuka, Msumbiji ikapanda na kuendelea kupanda, kwa hiyo Tanzania ililinda misitu yake na Msumbiji ikaiuza. Nusu ya simulizi hiyo ina ukweli. Lakini ukifuatilia gogo moja kuanzia kisiki hadi bandarini, utaona kwamba mistari miwili ya kwenye grafu haielezi misitu miwili. Inaeleza biashara moja iliyohama, na vitabu viwili vilivyoandikwa na watu wenye sababu tofauti za kuandika.

Msitu mmoja, milango miwili

Mto Ruvuma ni mpaka wa serikali, si mpaka wa miti. Miombo, misitu ya bara ya Liwale, Tunduru na Nachingwea, inaendelea upande wa Msumbiji hadi Niassa na Cabo Delgado, kisha Nampula na Zambézia. Mninga wa Tanzania ndio umbila wa kwenye hati za Msumbiji. Mkongo, ambao wengine pwani wanauita mbambakofi, kule ni chanfuta. Mpingo ni pau-preto. Mpangapanga ni jambirre. Atakayesoma ripoti za pande zote bila kujua hivyo atadhani kila nchi inauza miti yake.

Miti hii haina haraka. Mpingo huhitaji takribani miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na mninga hauko mbali na hapo. Kwa hiyo kilichouzwa katika miaka 20 iliyopita kiliota enzi za Wajerumani na Wareno, na kilichofanya kiwepo hadi miaka ya 1990 hakikuwa sera nzuri ya yeyote. Ilikuwa shida ya kufika.

Pwani, kweli, biashara ni ya kale. Boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi, na hata upana mdogo wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar unatokana na urefu wa boriti. Ila hiyo ni miti ya maji chumvi, iliyokatwa pale jahazi linapoweza kuingia. Miombo ya bara ilikuwa habari nyingine. Msumbiji ilikuwa vitani kuanzia 1977 hadi mkataba wa amani wa Roma wa Oktoba 1992. Barabara zilitegwa mabomu, viwanda vya mbao vilikufa, watu walikimbia. Upande wa Tanzania hapakuwa na vita, palikuwa na mto Rufiji. Anayekumbuka kivuko cha Ndundu anajua maana yake: masika yakianza, Kilwa, Lindi na Mtwara zinageuka kisiwa kwa wiki au miezi. Lori la magogo lingefanya nini huko?

Mlango wa Msumbiji ulifunguliwa na amani mwaka 1992. Mlango wa Tanzania ulifunguliwa na Daraja la Mkapa, juu ya Rufiji, mwaka 2003. Tofauti ya miaka hiyo 11 inaeleza mengi kuhusu umbo la grafu kuliko hotuba zote za mawaziri.

Mafuriko ya Yangtze

Milango ikifunguka bila mnunuzi, hakuna kinachotoka. Mnunuzi alikuja kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali sana na hapa. Mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika na kuua maelfu ya watu, na Serikali ya China ikaona kwamba ukataji wa misitu ya asili kwenye miinuko ulichangia. Ikapiga marufuku ukataji katika sehemu kubwa ya misitu hiyo. Mwaka uliofuata ikaondoa ushuru wa kuingiza magogo.

Viwanda vya samani havikufungwa, vilibadili tu mahali pa kupata malighafi. Na kwa kuwa gogo liliingia bila ushuru, kazi ya kulipasua ikabaki China. Mnunuzi wa aina hiyo hana haja ya kukujengea kiwanda Pemba ya Msumbiji au Mtwara. Anataka gogo zima, nene, lililonyooka, likiwa ndani ya kontena. Mbao nyekundu na nyeusi, zinazofaa kwa samani za kifahari za mtindo wa kale wa Kichina, ndizo zilizolipiwa vizuri zaidi.

Tanzania: mlipuko mfupi, kisha mlango ukarudishwa

Daraja lilipofunguliwa, kilichotokea Rufiji na Kilwa kilitokea kwa kasi ambayo ofisi za misitu za wilaya hazikuwa na magari wala watu wa kuifuata. Ripoti ile ya 2007 ilikadiria kwamba Serikali na halmashauri zilikusanya takribani asilimia 4 tu ya mapato yaliyostahili. Asilimia 96 ilipotea, hasara iliyofikia dola milioni 58 kwa mwaka. Haikusema tu kwamba kuna wezi. Ilieleza jinsi maofisa, wafanyabiashara na wanasiasa walivyoshikana, na jinsi mwanakijiji aliyekuwa na mti alivyopata makombo.

Serikali ilizuia usafirishaji wa magogo nje, ikasimamisha uvunaji kwa vipindi, ikatoa miongozo mipya na kuunda kamati za uvunaji za wilaya. Mwaka 2011 Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ulianza kazi. Mzigo uliokuwa ukienda bandarini ukapungua.

Hapa ndipo simulizi nyepesi hupiga makofi na kufunga kitabu. Mimi ningeuliza swali moja kwanza: miti ikaacha kukatwa?

Haikuacha. Soko la ndani lilikuwa limeshajengeka zamani: utafiti uliopima uharibifu wa misitu kuzunguka Dar es Salaam ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 2005 ukataji wa miti ya thamani kubwa ulisogea mbali na jiji kwa wastani wa kilomita 9 kila mwaka. Sehemu kubwa ya ukataji huo haikuhitaji meli. Soko lilikuwa Keko, mtaa wa mafundi samani jijini, na kila mtaa wenye fundi anayetengeneza kitanda cha mninga na mlango wa mkongo. Jiji lililokuwa likiongezeka kwa kasi lilikula mbao ngumu kwa utulivu kabisa, na ulaji huo hauonekani kwenye takwimu za mauzo ya nje hata kidogo. Nchi inaweza kuonekana safi kwenye jedwali la forodha huku mninga wake ukiishia sebuleni.

Jambo la pili, Tanzania ilibadili aina ya mbao ngumu inayouza. Mtiki, mti wa kutoka Asia, umepandwa katika mashamba ya Serikali ya Longuza, Muheza, na Mtibwa, Mvomero. Katika bonde la Kilombero kampuni binafsi ilianza kuupanda miaka ya 1990. India ni mnunuzi mkubwa. Kwenye majedwali mengi mtiki huu unaingia safu ileile na mninga, kwa kuwa yote ni mbao ngumu za kitropiki. Lakini gogo la shambani, lenye umri na hesabu inayojulikana na linaloweza kupandwa tena, si sawa na mpingo ulioota wenyewe Kilwa. Ukiona mauzo ya mbao ngumu ya Tanzania yamepanda mwaka fulani, usishangilie wala usilie kabla hujajua ni mti gani.

Msumbiji: sheria nzuri na leseni ndogo

Msumbiji haikukosa sheria. Sheria ya Ardhi ya 1997 ilitambua haki za jamii za vijijini kwa namna iliyosifiwa barani kote, na Sheria ya Misitu na Wanyamapori ya 1999 iliweka njia mbili za kuvuna. Ya kwanza ilikuwa mkataba wa eneo, hadi miaka 50, wenye mpango wa usimamizi na kiwanda. Ya pili ilikuwa leseni ndogo, kwa raia wa Msumbiji tu, isiyozidi mita za ujazo 500 kwa mwaka.

Leseni hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa tundu. Nia yake ilikuwa kumpa mwananchi wa kawaida nafasi. Lakini mwananchi wa kawaida hana lori, hana msumeno wa mota, hana mtaji wa kulisha vibarua porini miezi mitatu. Aliyekuwa navyo ni mfanyabiashara wa bandarini, mara nyingi Mchina, aliyekopesha pesa na vifaa kisha akachukua magogo kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Leseni ina jina la raia, mzigo una mwenyewe mwingine. Na mwenye leseni ya mwaka mmoja hana sababu ya kuacha mti mchanga usimame. Mwaka ujao eneo hilo huenda likawa la mtu mwingine.

Magogo ya miti ya daraja la kwanza yalikatazwa kusafirishwa bila kuchakatwa, na mwaka 2007 orodha ya miti hiyo ikaongezwa. Karatasi zilisema hivyo. Julai 2011 mamlaka zilikamata makontena 561 ya magogo haramu yakiwa tayari kuondoka bandari ya Nacala. Uchunguzi wa EIA, shirika linalofuatilia uhalifu wa mazingira, ulikadiria kwamba mwaka 2013 karibu asilimia 93 ya ukataji wa kibiashara nchini humo ulikuwa nje ya sheria. Wakati huo Msumbiji ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa magogo kwa China kutoka Afrika.

Kisha likaja katazo kamili: sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2016 ilizuia kusafirisha nje magogo ya miti yote ya asili kuanzia 2017, na Machi mwaka huo Waziri Celso Correia akaongoza msako wa nchi nzima katika maghala ya mbao, ulioitwa Operesheni Gogo. Maghala mengi yalikutwa na makosa. Hata hivyo forodha ya China iliendelea kuandika magogo kutoka Msumbiji miaka iliyofuata, magogo hasa, si mbao. Oktoba 2017 mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia, Cabo Delgado ikaingia katika vita vipya, na safari hii vita havikufunga msitu kama vile vya zamani. Bandari ziko wazi, mnunuzi yupo, na mkaguzi ndiye asiyeweza kufika.

Kwa nini vitabu viwili haviafikiani

Ni rahisi kusema tofauti yote kati ya kitabu cha muuzaji na cha mnunuzi ni wizi. Si kweli, na anayesema hivyo anawapa maofisa wa forodha njia nyepesi ya kujitetea.

Tuanze na vipimo. Kupata mita moja ya ujazo ya mbao zilizopasuliwa, unahitaji magogo ya mita mbili za ujazo au zaidi. Nchi inayouza mbao ikilinganishwa na inayouza magogo kwa namba tupu, ya kwanza itaonekana ndogo kwa nusu ya ukubwa wake halisi msituni. Mpingo ni mbaya zaidi: vipande vinavyokubalika kutengenezea klarineti na zumari havifiki sehemu moja ya kumi ya gogo lililokatwa. Kontena moja la vipande hivyo limebeba msitu mkubwa kuliko linavyoonekana. Kuna pia uzito. Mahali pengine mzigo huandikwa kwa kilo kisha hugeuzwa kuwa mita za ujazo kwa kiwango kimoja cha kukadiria. Lakini mpingo ni mzito kuliko maji, unazama, wakati mninga unaelea kwa raha. Kiwango kimoja hakiwezi kuwa sahihi kwa yote mawili.

Halafu kuna asili ya mzigo. Mkurungu wa Zambia na wa Katanga, ambao Lubumbashi wanauita mukula, ulipita bandari za pwani hii ukielekea China. Mbao za Msumbiji nazo huvuka Ruvuma na kuingia Tanzania, kwa mitumbwi na kwa malori. Tangu Daraja la Umoja lilipofunguliwa Mei 2010 kuna hata njia ya heshima kwa anayetaka kupita mchana. Ofisa wa Shanghai huandika nchi iliyotajwa kwenye hati. Hati ikisema Tanzania, basi ni Tanzania.

Ukishatoa hayo yote, bado linabaki pengo ambalo vipimo haviwezi kulieleza, na namna linavyotokea si siri kwa anayeishi karibu na geti la maliasili. Mvunaji anapata kibali cha miti 20 na kukata 60. Gogo halali linagongwa nyundo ya Serikali. Nyundo hiyo, ikiwa mikononi mwa mtu asiyefaa, inagonga lolote. Hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile TP, inatumika safari mbili au tatu kabla tarehe yake haijaisha. Bandarini, gogo linaandikwa kuwa mbao, mti wa daraja la kwanza unashushwa hadi la tatu, kontena lililojaa linaandikwa kuwa nusu. Kila hatua inapunguza namba kidogo, na hakuna hatua hata moja yenye mtu anayenufaika kwa kuiongeza.

Upande wa pili wa bahari hali ni kinyume. Kwa kuwa gogo linaingia China bila ushuru, mwagizaji hana sababu kubwa ya kuficha ujazo, na huko anahitaji hati safi ya kuliuza. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kitabu cha mnunuzi ndicho cha kuaminika zaidi kwa kiasi, na cha muuzaji kinafaa zaidi kama ushahidi wa hali ya ofisi zake. Pengo kati ya vitabu hivi viwili, likifuatwa mwaka hadi mwaka, linasema zaidi kuliko kitabu kimoja peke yake. La Tanzania lilikuwa kubwa mno mwaka 2005. La Msumbiji lilikuwa kubwa 2012 na, kwa upande wa magogo, halikuzibwa na katazo la 2017.

Mti ni wa nani

Katazo la kusafirisha magogo lilitumika pande zote mbili. Kama katazo pekee lingetosha, Msumbiji baada ya 2017 ingefanana na Tanzania baada ya kufunga. Haifanani, na sababu moja naiona kijijini.

Tanzania, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002, kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi, kuandaa mpango, kuuza miti na kubaki na mrabaha wote. Msumbiji jamii hupewa asilimia 20 ya mrabaha uliokusanywa na Serikali, ukikusanywa, na ukifika. Kati ya kuwa mwenye mali na kuwa mpewa mgawo kuna umbali mkubwa, hasa usiku lori linapopita.

Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kupitia mradi ulioanza kwa lengo la kuuhifadhi mpingo. Ilikuwa misitu ya asili ya kwanza barani Afrika inayosimamiwa na jamii kupata cheti hicho. Baadaye kijiji cha Nanjirinji A kikauza miti na kutumia fedha kwa huduma za kijiji. Mtu aliyewahi kuona ofisi ya kijiji yenye akaunti ya benki iliyojazwa na mkongo wake yenyewe anaelewa kwa nini wanakijiji wanapanga zamu za doria bila kusukumwa.

Nisikuze mambo. Misitu ya namna hiyo ni sehemu ndogo ya miombo ya Tanzania, mnunuzi wa mbao zenye cheti ni mgumu kupatikana, na fundi wa Keko hamuulizi mtu cheti. Tena, vibali hupita kwenye kamati ya wilaya, na kila meza inayoongezwa kati ya kijiji na mnunuzi humfanya mnunuzi atafute njia ya mkato. Lakini ndicho kitu kimoja ambacho Tanzania inacho na Msumbiji haina kwa kiwango kilekile, na hakionekani kwenye safu yoyote ya jedwali la mauzo.

Karatasi moja zaidi

Septemba 2015, mjini Durban, Kenya, Madagaska, Msumbiji, Tanzania na Uganda zilitia saini Azimio la Zanzibar kuhusu biashara haramu ya mbao, zikikubali kupeana taarifa na kutambua vibali vya mwenzake. Lilikuwa azimio la hiari.

Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, una meno zaidi. Jamii yote ya mpingo iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili, orodha ya mimea na wanyama ambao biashara yao huhitaji kibali, Januari 2017. Wapiga klarineti walilalamika, na tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika zimesamehewa, ingawa vipande vinavyotoka Tanzania na Msumbiji bado vinahitaji kibali. Mkurungu uliingizwa mwaka huohuo wa 2019. Kisha mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ukaongeza miti yote ya Afrika ya jamii ya mninga na ya mkongo, na kanuni hizo zikaanza kazi mwanzoni mwa 2023.

Kwa mlinganisho wetu hilo lina maana ya kazi. Sasa gogo la mninga likitoka Beira au Dar es Salaam, lazima liwe na kibali ambacho mamlaka ya nchi imekitoa baada ya kujiridhisha kwamba uvunaji hauangamizi mti huo, na China nayo inatakiwa kukidai kabla ya kupokea. Nchi zote tatu zinaripoti kwa sekretarieti moja, kwa jina la mti, si kwa fungu la mbao za kitropiki kwa jumla, na mtiki hauingii humo. Samani zilizokamilika hazimo kwenye masharti hayo, kwa hiyo kitanda cha Keko kinaweza kuvuka mpaka bila kibali cha CITES, na huko ndiko ningetegemea kuona mizigo ikianza kuongezeka.